Masihi Wawili

Nilikuwa karani katika Bandari ya Jeddah, na saa ya chakula nilizoea kusikiliza kwenye simu mazungumzo ya mwalimu mmoja wa Kiyahudi na padri. Siku moja yule mwalimu alieleza kwamba zamani baadhi ya Wayahudi walingoja masihi wawili, mmoja kuhani, mwingine mfalme wa ukoo wa Daudi, na kwamba mfalme huyo akija vita vingekoma. Padri hakumbishia. Aliuliza tu, kwa upole, "Na bado mnangoja?"

Jambo hilo lilinikaa moyoni. Nikamtumia rafiki yangu wa Riyadh ujumbe wa sauti. Yeye ni dereva. Ndiye aliyenisimamia siku ya harusi yangu huko Kenya, na chumbani kwake, karibu na mtaa wa Batha, ndiko kikundi chetu kidogo cha Wakristo kilikokutana kuomba. Nilimwambia: "Ndugu, Wayahudi wana sababu ya kumkataa Yesu. Vita havijaisha. Mimi namwamini, lakini siwezi tena kuwaita vipofu."

Akajibu, "Umenigusa sana. Njoo Ijumaa utufundishe."

Nilipanda basi na daftari langu. Niliwakuta watu tisa wameketi mkekani. Hakuna aliyenipa mkono. Rafiki yangu akaweka simu katikati, nikasikia sauti yangu: "Wayahudi wana sababu ya kumkataa Yesu. Vita havijaisha." Ikaishia hapo.

"Weka yote," nikasema.

"Ni hiyo tu," akajibu, macho yake mkekani.

Mmoja wao, mtu mzima afanyaye kazi ya ulinzi, akaniomba nitubu. Nikajaribu kueleza habari za wale masihi wawili. "Halas, basi, tumesikia," mwingine akanikatiza. Wakapiga magoti kuniombea, na rafiki yangu akaniwekea mkono kichwani. Mkono ule uliniuma kuliko maneno yote. Niliinuka wakiwa bado wanaomba, nikatoka.

Kabla basi la kurudi halijaondoka, mke wangu akapiga simu kutoka Kenya. Mchungaji wetu alikuwa ameletewa ile sauti. "Ni kweli umemkana Bwana?" Nikamtumia ujumbe mzima. Aliusikiliza, akalia, akaniamini. Lakini mchungaji alisema mambo yameshaenea, nisihubiri tena kanisani kwetu.

Baada ya miezi rafiki yangu alinipigia. Nikamuuliza, "Nani alikata sauti?"

"Mimi," akasema. "Kwa upendo, ndugu. Ungewachanganya watu."

Nilikata simu. Hatujasemezana tena.