Fundi Aliyetengeneza Kimyakimya

Hospitalini walimwita Mzee Rula, kwa sababu alikuwa akiegemeza rula ya mbao kwenye kioo cha kompyuta kama fundi seremala anayepima mlango. Vijana walimcheka, lakini walimcheka wakiwa wameshiba, maana kila asubuhi walikuta kazi zao zinawaka.

Mfumo wa majibu ya maabara uliendeshwa kwenye kontena. Si yale ya chuma yanayobebwa na malori, ni vifurushi vya programu, na kila kimoja kina faili lake la maelekezo: kiwake vipi, kisubiri kipi kingine kiwake kwanza. Mistari ya faili hilo husogezwa kutoka pembeni kwa nafasi tupu, mbilimbili. Ukikosea hata moja, kontena linagoma, na halina adabu ya kukueleza vizuri kwa nini. Mafaili yaliandikwa jioni na kuwashwa saa mbili asubuhi. Saa moja kasoro Mzee Rula alikuwa ameshafika, anayapitia moja moja, anaziba hapa, anasogeza pale. Wenzake wakiingia anawauliza habari za nyumbani, basi.

Ujanani alikuwa mpanga herufi kiwandani kwa mchapaji mmoja aliyekuwa akisoma makosa ya vibarua wake kwa sauti mbele ya wateja. Siku aliposomewa ya kwake masikio yalimwaka moto mpaka jioni, akala kiapo kwamba yeye hatamwaibisha mtu. Na kiapo hicho alikishika kweli, mtu mgumu huyu, kwa miaka thelathini na kitu.

Aliyefaidi zaidi, au tuseme aliyeumia zaidi, alikuwa Mama Pacha, jirani yake wa meza. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi huo. Ili apewe ajira ya kudumu, Mkuu wa kitengo alimfungia chumbani na kompyuta moja kwa saa nzima: aandike faili, kontena liwake.

Halikuwaka. Alitoka macho mekundu, akamkuta Mzee Rula koridoni.

"Faili ni lilelile ninaloandika kila siku, Mzee wangu. Leo limekataa katakata."

"Hebu nionyeshe unavyosogeza mstari."

Akambonyezea hewani kile kitufe cha pembeni kinachorusha maandishi mbele kwa mkupuo mmoja.

"Hicho halikitaki, mwanangu. Linataka nafasi tupu, uzipige mwenyewe kwa kidole."

"Tangu lini?"

"Tangu siku zote."

"Sasa yangu ya kila siku yanawakaje?"

Mzee akatazama viatu vyake. "Huwa nawahi asubuhi."

Mama Pacha hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomkata Mzee maini.

"Miaka mitatu, Mzee. Ungeniaibisha siku moja tu, yangeisha."

Mficha maradhi, kifo humuumbua; lakini huyu alikuwa ameficha maradhi ya mwenzake, na kifo kilikuwa kinamwendea huyo mwenzake. Mzee Rula aliona aibu ambayo hata yule mchapaji hakuwahi kumpa. Akaenda moja kwa moja kwa Mkuu, akafungua kumbukumbu za mafaili, ambamo kila badiliko hubaki na jina la aliyelifanya. Jina lake lilijaa ukurasa baada ya ukurasa.

"Kwa hiyo hajui kazi," Mkuu akasema.

"Hajaambiwa. Aliyemnyima ni mimi."

Mkuu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Ijumaa arudie. Na wewe, mafaili ya watu usiyaguse."

Kesho yake Mzee aliwahi kama kawaida, akaona kosa kwenye faili la Mama Pacha, akaikalia mikono yake. Wote walipofika alikohoa.

"Mama Pacha. Faili lako lina kosa."

Chumba kizima kiligeuka. Masikio yaliyowaka moto yalikuwa ya Mzee mwenyewe.

Mama Pacha akavuta kiti. "Wapi?"

"Tafuta."

Alitafuta kwa robo saa, watu wakijifanya wana shughuli, akalipata. Akamtazama Mzee. "Lipo jingine?"

"Lipo."

Hivyo ndivyo walivyoenda mpaka Ijumaa, na ikafika siku kijana mmoja naye akasogeza kiti chake kusikiliza.

Ijumaa Mzee Rula alisimama tena koridoni, nusu saa, hajui mikono aiweke wapi. Mlango ukafunguliwa.

"Limegoma mara mbili," Mama Pacha akasema.

"Halafu?" Mzee akauliza.

"Halafu nikalitengeneza."