Goti Langu na Stesheni za Mlimani

Watu wakisimulia habari za majeruhi hupenda ziishie kwa mtu kutupa mkongojo na kukimbia. Yangu haikuishia hivyo. Nasema mapema ili mtu asikae hapa akingoja nikimbie.

Nilikuwa shanta katika yadi ya reli Nakuru, miaka ile ya hali ya hatari. Kazi ya shanta ni kuunganisha mabehewa na kuyatenganisha, na nusu ya kazi hiyo ni kudandia ngazi ya injini inayotembea. Asubuhi moja yenye umande niliteleza nikidandia, na goti langu la kulia likabanwa kati ya ngazi na nguzo ya taa. Nilipotoka hospitali goti lilikuwa kama mlango uliovimba kwa mvua. Lilifunguka kidogo, halafu basi.

Daktari wa reli, Mzungu mwenye haraka, aliniambia nitapimwa tena mvua za masika zikiisha. Nikiweza kukunja goti na kupanda ngazi ya injini, nitarudi yadini. Nisipoweza, kazi imekwisha, na kazi ikiisha chumba cha landi nacho kimekwisha. Landi ni zile nyumba za safu walizojengewa wafanyakazi wa reli, na chumba chetu kimoja ndicho mke wangu na watoto walichokiita nyumbani. Huko kwetu magharibi baba alikuwa ameshawagawia ndugu zangu shamba, akisema mimi nina reli. Kwa hiyo reli ndiyo iliyokuwa shamba langu.

Dresa wa zahanati, aliyenifunga bandeji tangu mwanzo, ndiye aliyenitia wazo. "Wewe tafuta baiskeli," akasema. "Baiskeli italainisha hiyo goti pole pole."

Shemeji yangu akaniazima yake, nyeusi na nzito, yenye keria pana ya kubebea magunia. Siku ya kwanza pedali ilipanda, goti likakataa, nikaanguka mbele ya mfereji ambapo wanawake wa landi walikuwa wakichota maji. Hawakucheka. Afadhali wangecheka.

Nikaikokota hadi kwa fundi wa baiskeli kule Bondeni. Alinitazama nikijaribu, akaushika mguu wangu kama anayepima spoku, kisha akakata kile chuma kinachoshika pedali ya kulia na kukiunga upya kikiwa kifupi. "Sasa huu mguu mzima utazunguka mzunguko mkubwa," akaeleza, "na huu mgonjwa utazunguka kamzunguko kadogo. Ukizoea, urudi tuongeze. Tutaongeza kidogo kidogo mpaka pedali zilingane."

Ikawa hivyo. Nilianza na barabara ya Njoro, na nikarudi landi jioni nimelowa jasho, mguu wa kushoto ukitetemeka.

Lazima nieleze jambo moja kuhusu watu wa reli. Wao hupima kila kitu kwa stesheni. Ukimuuliza dereva mimba ya mkewe imefika wapi, atakwambia wako Londiani, nawe utajua Kisumu, mwisho wa reli, si mbali. Mgonjwa akizidiwa wanasema amepita Molo. Basi wakaanza kunipima na mimi. Kila nikirudi walikuwa wamekaa nje ya nyumba, na swali lilikuwa lile lile.

"Leo umefika wapi?"

"Njoro."

"Njoro! Njoro hata injini ya yadi inafika. Enda Elburgon tuone."

Nikaenda Elburgon. Kisha Turi, kisha Molo. Njia ile hupanda tu, kutoka kwenye mashamba ya ngano hadi kwenye pareto na ukungu, na wakati wa mvua udongo wake wa murram hushika gurudumu kama unga uliokandwa. Watu hudhani nilifurahia. Sikufurahia hata siku moja. Nilipanda mlima ule kwa hofu, nikimwona mke wangu akifunga magodoro kila nilipofumba macho. Kule Turi, mvua ikininyeshea chini ya msaipresi, nililia kwa sauti kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kunisikia.

Njia panda ya Elburgon palikuwa na kizuizi cha askari. Mmoja akanisimamisha.

"Kipande."

Nikampa kitambulisho changu.

"Unaenda wapi?"

"Molo."

"Kufanya nini?"

"Kugeuka."

Akanitazama kama mtu aliyetukanwa. "Wewe, hii ni msitu ya watu wabaya. Mtu mzima anapanda mlima mpaka Molo halafu anageuka? Unaniona mimi mjinga?"

Nikamwonyesha goti. Akanikalisha kando ya barabara na wanawake waliokamatwa bila pasi, hadi mkubwa wake alipokuja akaona kovu, akasema niachiliwe. Nilikuwa na hasira, lakini sasa naona lile swali la yule askari, naenda kufanya nini, lilikuwa la maana kuliko yote niliyoulizwa mwaka ule.

Maana hakuna mwingine aliyeuliza. Landi nzima ilijua nimefika wapi, na hakuna aliyejua goti limekunjika kiasi gani. Hata mimi sikutaka kujua. Kurudi kwa fundi kurefusha kile chuma kungenirudisha Njoro, pengine hata nisifike Njoro, na jioni ningewaambia nini wale waliokaa nje wakiningoja? Mke wangu tu ndiye aliyesema kitu, siku aliyokuwa akishona mshono uliofumuka.

"Baba watoto, hii suruali inakubana mguu mmoja tu."

"Ni mlima huo," nikamjibu, tena kwa majivuno.

Nilifika Mau Summit juma la mwisho kabla ya kupimwa. Nilitoka alfajiri, nikafika baridi ikiwa imenikausha vidole, nikasimama mbele ya kibao cha stesheni nikishika breki, nisijue la kufanya. Mfanyakazi mmoja wa pale alinisalimu, akaendelea kufagia. Niliporudi jioni landi ilipiga makofi. Dereva mmoja mzee akasema mtu aliyefika Mau Summit kwa miguu yake hawezi kushindwa na ngazi. Usiku ule nililala bila hofu, usiku mmoja huo tu.

Daktari aliniambia niketi mezani.

"Kunja mguu."

Nikakunja. Goti likaenda, likafika pale pale lilipozoea, likasimama. Akalisukuma kwa mkono. Nikauma meno.

"Daktari, mimi nimefika Mau Summit," nikasema. "Kwa baiskeli."

"Hapana sema Mau Summit. Kunja."

Halikukunjika. Akachukua utepe, akapima paja la kulia, akapima la kushoto, akarudia kana kwamba haamini. Kisha akanipigapiga la kushoto kwa kiganja, kama anayesifu ng'ombe wa mtu. "Hii mguu ni muzuri sana," akasema. "Hii ingine imekufa."

Sikuhitaji kuelezwa. Mlima wote ule niliupanda kwa mguu ambao haukuwa mgonjwa.

Kabla ya kumrudishia shemeji baiskeli yake niliipeleka kwa fundi airudishe ilivyokuwa. Alikipangusa kile chuma kifupi kwa kitambaa.

"Hukurudi tuongeze," akasema. "Mimi nilikungoja."

Nilimkasirikia mtu yule kwa miaka, na hakuwa amenikosea kitu.

Reli ilitupa safari ya mwisho ya bure kwenda kwetu. Tulipanda daraja la tatu, magodoro juu, watoto wakilala wameegemeana. Mke wangu alikaa dirishani. Hakuwa ameiona njia ile tangu nilipomleta Nakuru akiwa bibi arusi, na hata siku ile alipita usingizini. Tulipofika Njoro akaniuliza, "Hapa ulifika?"

"Nilifika."

Akauliza Elburgon, akauliza Turi, akauliza Molo, na kila mara nikajibu nilifika. Injini ilikuwa inahema, mwendo wa mtu anayetembea, na barabara yangu ilionekana pembeni ikiwa na matope yake. Mau Summit treni ilisimama. Akafuta kioo kwa leso, akasoma kibao, akatazama ukungu na ule mteremko tuliotoka.

"Na hapa?"

"Hapa ndipo nilipogeukia."

"Ni mbali, baba watoto."

"Ni mbali," nikasema.

Treni ikaanza kuteremka kuelekea Londiani. Goti halikukunjika kutosha nafasi ile ya kiti, kwa hiyo nilinyoosha mguu katikati ya njia, na hadi Kisumu watu walipita wakiuruka.