Kikuba cha Mwanaidi

Nakumbuka, mwanangu, alasiri moja hapa hapa mtaani kwetu Shika Adabu nilipomvika mdogo wangu maua mpaka akakosa pumzi. Sikukusudia kukusimulia haya. Lakini jana nilikusikia kwa masikio yangu ukimcheka mkeo mbele ya watu: "Huyu mafua mwaka mzima, nimeoa pua!" Nilikasirika, na hasira bado ninazo. Kaa kitako unisikize.

Mamako mdogo, Mwanaidi, tangu utotoni alikuwa vivyo hivyo. Masika yakikatika na nyasi kutoa maua, macho yanamvimba. Kipupwe kikija, mikanju na miembe ikichanua, kifua kinamlia filimbi. Kaskazi nayo ina vumbi lake na maua ya mkilifi. Akienda chafya ya kwanza tunamjibu "Yarhamukillah." Akifika ya saba, tunamcheka. "Adeka huyo," nikisema mimi, dada mtu mzima. Daktari alimwambia ni mzio wa maua, umemshika kifua, akampa pampu, ile ndogo ya kuvuta dawa kwa mdomo. Mimi nikaiona ni aibu ya nyumba.

Alipoolewa, kazi ya kumpamba ilikuwa yangu. Mtaa mzima ulinisifu kwa kutunga vikuba, asumini na rehani nikizifunga pamoja zikanukia hata barabarani. Mwanaidi akanishika mkono.

"Dada, maua ya karatasi yatatosha. Tafadhali. Mikanju imechanua wiki hii, kifua changu si changu."

"Bibi harusi wa maua ya karatasi? Wataka nichekwe?"

Umesikia? Nichekwe mimi! Nikambandika kikuba kifuani, nikamjaza asumini kichwani, nyingine nikazitandaza kitandani alipoketi. Kisha, na hapa ndipo ninapojilaumu mpaka leo, nikaichukua pampu yake nikaitia mkobani mwangu, wakweze wasije wakaiona wakasema tumewaoza mgonjwa. Nikamfunika mtandio, nikatoka kupokea wageni.

Aliyetangulia kuingia chumbani alikuwa Bi Rukia, mamake bwana harusi, mtu mpole ambaye hata sauti yake huisikii. Siku ile alipiga ukelele nyumba nzima ikanyamaza. Nilipoingia mbio nilimkuta ameshaufunua mtandio. Midomo ya Mwanaidi ilikuwa ya kijivu, mabega yanapanda na kushuka, na macho yake yananitafuta mimi.

"Dawa yake i wapi?" Bi Rukia akaniuliza.

Mkoba ulikuwa kwapani mwangu. Wallahi, mwanangu, kwapani! Nikasema, "Hana maradhi, mama. Ni joto tu."

"Yuafa mtoto, nawe waniambia joto!"

Akakinyofoa kile kikuba akakitupa nje ya dirisha. Akafungua mkoba wake mwenyewe, akatoa pampu yake. Yake, mwanangu! Naye alikuwa na maradhi yale yale miaka nenda miaka rudi, na mimi nilikuwa nikimficha yeye. Akamvutisha mara moja, mara mbili. Tukamtoa mle chumbani, tukamkimbiza hospitali na mavazi yake ya harusi.

Pale hospitali, Mwanaidi alipoanza kupumua vizuri, Bi Rukia alinigeukia. "Sikuja kwenu kuchukua maua. Nilikuja kuchukua mtoto. Ungenipa maiti iliyopambwa?"

 

Mwanaidi alinisamehe, Mungu amlipe. Lakini wewe mwenyewe wamuona akija hapa. Husimama kwanza mlangoni, akachungulia uani, akanusa, ndipo akaingia. Nyinyi watoto mlikuwa mkisema ana madaha. Hana madaha, ananichunguza mimi. Asumini zangu zote nilizing'oa siku nyingi, na bado husimama.

Basi sikiza. Ule mti wa asumini ulioupanda dirishani kwa mkeo kwa sababu eti wapenda harufu, ung'oe leo. Nyasi za uani uzifyeke wewe, si yeye. Ijue miezi inayomtesa kama uijuavyo Rajabu na Shaabani, na dawa yake ujue ilipo, na asiione haya kuitoa mbele ya mtu yeyote, hata mbele yangu. Na ukimcheka tena nikusikie, utatoka nyumbani mwangu, nawe ni mwanangu wa kukuzaa.

Haya. Mwenyezi Mungu akupe huruma niliyoikosa mimi nilipokuwa rika lako. Ampe mkeo pumzi pana masika, kipupwe na kaskazi. Na macho yale niliyoyaona mimi siku ile, wewe asikuonyeshe. Amin.

Sasa inuka ukamtake radhi. Yuko jikoni, namsikia akienda chafya. Mjibu.