Mama Vivian Alivyomzamia Muoki

Truphena Nabiswa alizaliwa kando ya Mto Nzoia. Baba yake alikuwa mchota mchanga: alivuta pumzi moja, akazama na ndoo, akaibuka nayo imejaa. Hakujaliwa mtoto wa kiume, kwa hiyo kazi akamfundisha binti. Maji ya Nzoia ni ya udongo. Humo huoni hata kiganja chako.

"Huko chini macho ni mzigo," baba alimwambia. "Acha mikono ione. Na pumzi usishindane nayo. Ibembeleze."

Akaja kuolewa na Wakoli, kibarua wa kiwanda cha sabuni, wakapanga chumba mjini, katika mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Reuben. Huku maji yalikaa kwenye mitungi, na mtungi ulijazwa kwa foleni. Vivian alipozaliwa, majirani wakamwita Mama Vivian, na hakuna aliyejua kwamba aliwahi kuzamia. Lakini alipokuwa akifua nje, kuna wakati aliinamisha uso ndani ya karai, akabaki hivyo.

"Unataka kujiua kwenye karai?" Wakoli alimuuliza.

"Nimekumbuka nyumbani tu."

Kumbe si nyumba aliyoikumbuka, wala shamba. Alikumbuka uzito wa maji mgongoni. Hilo angemwambiaje mtu?

Mwaka wa tisini na nane, mvua za El Nino zilipokwisha, timbo la mawe lililoachwa ng'ambo ya mtaa wa Fedha lilikuwa limejaa hadi ukingoni. Muoki, mchonga vinyago aliyeishi mlango wa pili, alikwenda kuoga huko Jumapili baada ya kanisa. Aliruka, hakuibuka. Vijana walivuruga maji kwa miti mirefu na ndoano mpaka giza likaingia. Kesho yake wakarudia, wakachoka. Waokoaji walioitwa hawakuwa wamefika.

Mke wa Muoki, Kavinya, alikaa ukingoni amekumbatia shati la mumewe.

"Mama Vivian, nitaenda Kitui niwaambie nini wakwe zangu? Kwamba nimemwacha ndani ya maji?"

Truphena alikwenda kumwita Wakoli, akarudi naye pamoja na kamba mbili.

"Hapana," Wakoli alisema alipoelewa. "Tuna mtoto."

"Ndiyo maana nataka wewe ndiwe ushike kamba."

Kijana mmoja akaguna. "Mathe, hiyo maji si mchezo. Masee wote hawa wenye nguvu wameshindwa, wewe utaweza?"

Truphena alivaa suruali ya kazi ya mumewe, akafunga kamba moja kiunoni, ya pili akaishika ncha moja mkononi, nyingine akaiacha ukingoni. Akavuta pumzi taratibu, akazama.

Mara ya kwanza alikuta mawe makali na waya, akaibuka bure. Akaelea akipumua, hakumtazama mtu. Mara ya pili akafuata ukuta wa mawe mpaka chini kabisa, na hapo, chini ya mwamba, mkono wake ukagusa mkono. Vidole vilikuwa na sugu za patasi. Akapitisha kamba chini ya makwapa ya Muoki, akakaza fundo.

Kazi ilikuwa imekwisha. Lakini kifua kilikuwa bado hakijamdai pumzi, na huko chini hapakuwa na king'ora cha kiwanda, wala redio ya jirani, wala mtu wa kumwita. Maji yalimlalia mgongoni kama zamani. Akabaki. Kamba ya kiunoni ikavutwa, ikavutwa tena kwa nguvu, ndipo akapiga mguu.

Watu waliikimbilia ile kamba ya pili, wakamtoa Muoki, na kilio cha Kavinya kikapanda. Wakoli alibaki akimfungua mkewe kamba ya kiunoni.

"Nimevuta, Truphena. Nimevuta na kuvuta."

"Sikuhisi."

"Hukuhisi, au hukutaka?"

Alifunika uso, akalia. "Sijui, Baba Vivian."

Wakoli hakumgombeza. Aliahidi kwamba Desemba wangeenda kwao, Nzoia. Kisha kiwanda kikapunguza watu, safari ikangoja. Timbo likajazwa vifusi, pakajengwa.

Lakini kabla ya hayo, Kavinya alirudi kutoka mazishini Kitui na ndengu kwenye kiondo. Akakaa kitandani kwa Truphena, akapokea chai.

"Tumemzika vizuri," alisema. "Ila kila nikilala namwona kule majini alikokaa. Kukoje?"

"Kuna baridi," Truphena akasema. "Lakini kumetulia, Kavinya. Maji yanakubeba. Hakuna kitu kinachokusukuma."

Kavinya akaweka kikombe chini. "Wewe unapatamani."

"Kila siku."

Alidhani mwenzake angekasirika. Badala yake Kavinya alivua viatu, akapandisha miguu kitandani, akaegemea ukuta.

"Basi nieleze polepole," akasema. "Usiruke kitu."