Jezi Ambayo Hakuna Aliyeivaa

Nauza nguo za mitumba sokoni hapa Uvira, na jioni nacheza mpira kwenye televisheni, manete ya kuchezea mkononi. Mama mzima, ndiyo. Mwenye kucheka acheke.

Asubuhi ile nilipitia kwa Ramazani, muuza michezo ya video. Mchezo niliotaka alikuwa nao wa aina mbili. Diski iliyotumika ilikuwa bei rahisi, lakini mmiliki wake wa kwanza alikuwa ameshatumia namba ya zawadi inayokuja na diski, na namba ile inakubali mara moja tu. Zawadi yenyewe ni jezi ya dhahabu ya kuvalisha timu yako ndani ya mchezo. Nikanunua mpya, nikakimbilia kazini.

Mteja wangu wa kwanza alishika koti kwa vidole viwili. "Mama Neema, hii ilivaliwa na nani?"

Nikapandisha sauti ili majirani wote wasikie. "Weye! Kitu chenye kilitumika kimeshajaribiwa! Kupenda vipya ni majivuno tu. Minye kipya sinunuaka!"

Mteja alikuwa ameshatoa pesa, mara Ramazani akatokea mbio, akipunga karatasi. "Mama Neema! Umesahau namba ya jezi yako! Si ulikatala diski ya mitumba juu ya hii?"

Soko zima likaangua kicheko. Mteja akarudisha pesa mfukoni.

"Tangu utoto navaa nguo zenye watu wengine walivaa," nikamwambia. "Ile jezi, hata kama iko mu televizyo, wa kwanza kuivaa ni minye mwenyewe."

Nikanyoosha mkono, nikachukua karatasi yangu.