Neno "nimetumwa" lamhamisha mke wa mpiga mbiu

Saa mbili asubuhi Mbaruku bin Abbasi anasimama mbele ya lango la soko la Kariakoo na kuipuliza pembe yake ya nyati. Wachuuzi wanageuza shingo.

"Enyi watu, nimetumwa!" anapaza sauti.

Mpaka juzijuzi, watu wote langoni walikuwa wakiitikia, "Na nani?" Leo muuza nazi mmoja anauliza, "Na Liwali, au na mwalimu?" Basi kicheko!

Mbaruku anangoja kiishe, kisha anatangaza kwamba kila mwenye mbwa amfunge. "Tuwafunge kweli," anauliza mwingine, "au haya nayo ni mabishano?"

Anaishusha pembe. "Mimi kazi yangu ni kubeba maneno ya watu," anasema. "Nimetangaza maiti, nimetangaza harusi, nimetangaza kodi. Hakuna aliyeniambia, 'Mbaruku, kodi unaitaka wewe.' Sasa sijui nimekosea wapi."

Mambo yalianzia kwenye chama cha mtaani kwake, upande wa Msimbazi. Kila Ijumaa, baada ya sala ya alasiri, wanaume hukutana kubishana kwa utaratibu. Mwalimu Polycarp, aliyekianzisha, hataki matusi wala kumkatiza mtu maneno. Tena mtu hachagui upande. Watu huchota njiti: mwenye fupi hutetea hoja, mwenye ndefu huipinga, moyo wake utake usitake.

Ijumaa moja hoja ilikuwa hii: wanawake wauzao vyakula langoni mwa soko wahamishwe, wapelekwe bondeni. Mbaruku akachota njiti fupi. Na mkewe Sitara ni muuza vitumbua, pale pale langoni.

"Nikamwambia mwalimu, jamani, pale yupo mke wangu," anaeleza. "Akanijibu, 'Ndiyo maana utajifunza.'"

Akasimama. Sasa mazoea ya kazi nayo, mdomo ukafunguka wenyewe: "Nimetumwa niwaambie, wanawake wa langoni wahamie bondeni!" Sauti ile haikuzoea kusemea ndani. Ilipenya ukuta wa makuti ikatoka barabarani.

Ndani walimpigia makofi, wakasema ameshinda. Nje, wanawake waliokuwa wakipita walisikia mbiu, wakampelekea Sitara habari.

"Aliporudi nyumbani nikamwuliza, 'Ni kweli umesema tuhame?'" anasimulia Sitara, mikono kiunoni. "Akacheka! Akasema, 'Nimesema, na wote wamekubali.' Haya, wewe ungeelewa nini?"

Alfajiri akajitwika jiko na chuma cha vitumbua, akashuka bondeni. Huko hakukuta wateja, alikuta tope na vyura. Wenzake wa langoni walikuwa bado wanabishana kama wahame au wasihame, kwa hiyo aliyehama ni yeye peke yake.

Aliporudi adhuhuri, mahali pake pameshakaliwa. Josepha, mjane auzaye mihogo, alikuwa ametoka nyuma ya soko na kuweka karai lake hapo.

"Shoga, nimekuta umehama," Josepha alimwambia. "Na aliyetangaza ni mumeo. Nikamwulize nani mwingine?"

Tangu hapo Sitara hana mahali. Huzunguka na sinia kichwani, vitumbua vikapoa kabla havijapata mnunuzi.

Mwalimu Polycarp anasema Mbaruku hakudanganya. "Mwongo anataka aaminiwe," anaeleza. "Huyu alitaka maneno yake yapimwe."

"Lakini mimi waliniamini," anasema Mbaruku. "Sasa nimekuwa nani?"

Mwalimu anajikuna kidevu. Anakiri kwamba hilo hakulifikiria.

Na kuna jingine linalomchanganya mpiga mbiu huyu. Siku ile, kwa kutafuta tu la kusema, alidai moshi wa vitumbua unaharibu kanzu za wapita njia. "Nililibuni pale pale," anasema. "Siku hizi nikipita, moshi nauona kweli."

"Na ulipokuwa ukila vitumbua vyangu hukuuona?" Sitara anamrukia.

Ijumaa ijayo chama kitawakaribisha wanawake kwa mara ya kwanza. Sitara na Josepha watasema mbele ya watu kuhusu mahali pale, na wote wawili wamekubali kufuata watakaloamua wengi. Njiti hazitachotwa. Badala yake mwalimu ametoa sharti jipya: kila mmoja aanze kwa kusema hoja za mwenzake, mpaka mwenzake aseme, "Ndiyo, hivyo hivyo."

Sitara anajizoeza uani huku akikoroga unga wa mchele. "Josepha ana watoto, na baba yao hayupo," anaanza. "Nyuma ya soko maji machafu yanapita. Masika yote alikaa pale, na mteja gani atamfuata viatu mkononi? Tena alipokuja langoni alikuta pako wazi, hakumsukuma mtu..."

Mbaruku anamkodolea macho. "Sasa wewe unamtetea nani?"

"Usinichanganye! Nafuata sharti la mwalimu wako. Nikimaliza yake nitasema yangu."

"Na kama yake yakikuingia?"

Mwiko unasimama ndani ya bakuli.

"Hilo ndilo ninaloliogopa," anasema. "Lakini Ijumaa nitakwenda."