Ufa Chini ya Chumba cha Mjukuu

Mimi shule niliishia darasa la pili, lakini mjukuu wangu yuko kidato cha tatu Korogwe, na hapa Misima nani asiyejua? Nimewatangazia wote kisimani. Likizo ile tulikuwa uani tunapukuchua mahindi, akaniambia zamani mabara yote yalikuwa bara moja kubwa lililoshikana, kisha likakatika, kila kipande kikaenda zake.

"Na hata sasa, Bibi, Afrika inapasuka. Upande wetu huu wa mashariki utaachana na mwingine, bahari iingie katikati."

"Lini?"

"Mamilioni ya miaka."

"Nani kakuambia itangoja?"

Nilicheka, lakini jicho lilikuwa chini. Kiangazi kile ufa ulikuwa umetokea uani. Udongo wetu mweusi jua huupasua kila mwaka, sikuujali. Ila huu ulianzia jikoni ukapita chini ya ukuta wa chumba anacholala yeye.

Kesho yake asubuhi nikakata matawi ya masale, nikayapanda pande zote mbili za ufa. Kwetu Wazigua, sale likisimama mpakani hakuna anayethubutu kusogea. Watu wamepelekana barazani kwa sale moja lililong'olewa. Mjukuu akatoka na mswaki mdomoni.

"Bibi, umeiwekea dunia mpaka?"

"Nimeiwekea. Ina kiburi gani kumshinda baba yako? Hata yeye husimama akiona sale."

Akacheka mpaka povu likamtoka. Akasema ardhi inasogea polepole, kama ukucha unavyokua. Alitaka kunituliza. Nikatazama kucha zangu. Ukucha haulali! Wewe unakula, unasali, unazika watu, wenyewe unakwenda tu. Hapo ndipo hofu iliponishika sawasawa.

"Leo hulali chumba kile."

"Bibi jamani, udongo tu huu umekauka. Mvua ikinyesha utajifunga. Mabara ni habari nyingine."

"Haya, tia mkono uniambie mwisho wake."

Akapiga magoti kwa majivuno, akatia mkono. Kiwiko kikazama. Bega likagusa chini, shavu likalala vumbini. Kicheko kikakatika. Akauchomoa mkono upesi, akaupangusa kwenye kanga bila kunitazama.

 Aliingia mwenyewe, akaburuta godoro mpaka chumbani kwangu, ng'ambo ya ufa.

Nikamtandikia. Lakini moyo ulikataa kutulia: nimemtoa kule nikamleta huku, na sijui ni upande gani utakaokwenda.